Safari ya meli ya kitalii: jinsi ya kupiga hesabu nzima kabla hujalipa

Maswali ninayoulizwa ni yale yale. "Nimeona wiki nzima kwa dola 699, ni kweli?" "Mbona kabla ya korona tulilipa kidogo hivi, leo wanataka karibu mara mbili?" "Bado inalipa, au bora tukalale hotelini?" Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na kila mara tunaishia pale pale: leta karatasi tupige hesabu. Basi nimeiandika hesabu yenyewe hapa, hatua kwa hatua, ili uweze kuipiga ukiwa peke yako kwa safari yoyote unayoifikiria.

Msimamo wangu nautoa mapema. Meli bado inaweza kuwa likizo inayostahili pesa yake, ila si kwa kila mtu wala kwa kila tarehe. Ile bei yenye herufi kubwa kwenye tangazo haikuambii kama wewe ni mmoja wa wanaofaidika. Hilo utalijua ukishaongeza yote yasiyoandikwa kwa herufi kubwa.

Kwa nini bei zimepanda

Kwa ufupi tu, maana kujua sababu hakutakupunguzia hata senti. Mwezi Machi 2020 meli zilisimama karibu duniani kote, na kampuni kubwa zikaishi kwa kukopa. Carnival peke yake ilifikisha madeni ya zaidi ya dola bilioni 30. Madeni hayo yanalipwa na abiria wa leo. Abiria nao wamerudi kwa wingi: mwaka 2019 walikuwa milioni 29.7, na mwaka 2024 wakafika milioni 34.6. Meli ikijaa miezi mingi kabla ya safari, kampuni haina haja ya kushusha bei. Kuna na gharama mpya. Tangu Januari 2020 meli zinatakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.5 au kufunga mitambo ya kusafisha moshi. Tangu 2024 Umoja wa Ulaya unazitoza kwa hewa ukaa. Nchi na bandari nazo zinaongeza tozo zao: tangu Julai 2025 Ugiriki inatoza euro 20 kwa kila abiria anayeshuka Santorini au Mykonos msimu wa kilele, na Meksiko imeanza na dola 5.

Kwa hiyo ukiambiwa "subiri, bei zitarudi zilikokuwa," usisubiri. Fanya kazi na bei zilizopo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Safari moja mahususi: jina la meli, tarehe ya kuondoka, idadi ya usiku. Huwezi kupiga hesabu ya "meli" kwa ujumla.
- Bei ya ukurasa wa mwisho wa malipo. Nenda hadi hatua ya kuweka namba ya kadi, kisha ishia hapo.
- Ratiba kamili yenye saa za kufika na kuondoka kila bandari.
- Masharti ya malipo: kiasi cha malipo ya awali, kama yanarudishwa, na siku ya mwisho ya kulipa salio.
- Bei za intaneti, vinywaji na matembezi za meli hiyo hiyo. Kampuni nyingi huzionyesha kwenye tovuti ukishachagua safari.
- Masharti ya viza ya kila nchi iliyomo kwenye ratiba, kwa pasipoti yako.
- Wazo la likizo ya nchi kavu ambayo ungeifanya kweli kama meli isingekuwepo. Hili watu wengi hulisahau, na bila hilo huna cha kulinganisha nacho.
- Karatasi, kalamu, na saa mbili za utulivu.

Hatua ya 1: Anza na bei ya ukurasa wa mwisho

Bei ya tangazo karibu kila mara ni ya mtu mmoja, katika chumba cha watu wawili, tena kile cha chini kabisa kisicho na dirisha. Mkiwa wawili, zidisha kwa mbili. Ukiwa peke yako, mara nyingi pia utazidisha kwa mbili, kwa sababu utalipia na kitanda kitakachobaki kitupu. Zipo meli zenye vyumba vya mtu mmoja. Norwegian Epic ilivileta kwa wingi mwaka 2010, na nyingine zikafuata, lakini vyumba hivyo ni vichache na huwahi kuisha.

Kodi na ada za bandari ni jambo la kuangalia kwa makini. Huko Marekani kampuni kubwa zilianza kuziweka ndani ya bei ya tangazo mwaka 2024, baada ya sheria ya California ya bei zilizofichwa kuanza kutumika tarehe 1 Julai. Ukinunua kutoka nchi nyingine bado unaweza kuonyeshwa bei isiyo nazo. Ndiyo maana nasisitiza ukurasa wa mwisho.

*Kosa la kawaida:* "Watoto wanasafiri bure." Wanasamehewa nauli tu. Kodi, ada za bandari na bakshishi zao unalipa. Hata hivyo ofa hiyo ikiwa ya kweli ina thamani kubwa, kwa hiyo usiipuuze, ipigie hesabu.

Hatua ya 2: Ongeza bakshishi

Kwenye meli kubwa zinazohudumia soko la Marekani, bakshishi hukatwa yenyewe kila siku, kati ya dola 16 na 20 hivi kwa mtu, na zaidi kwa vyumba vya kifahari. Mtoto naye huhesabiwa, isipokuwa mchanga kabisa kwenye baadhi ya kampuni. Watu wawili kwa usiku saba kwa dola 18 ni dola 252.

Kampuni nyingi zinakuruhusu kwenda kaunta ya huduma na kuomba ipunguzwe au iondolewe. Nakuomba usifanye hivyo ili kuokoa pesa. Anayetandika kitanda chako anafanya kazi siku saba kwa wiki kwa miezi mingi mfululizo, na pesa hiyo ni sehemu ya mapato aliyoahidiwa. Kama bakshishi inaivunja bajeti yako, basi safari hiyo haijaingia kwenye bajeti. Chagua nyingine.

Hatua ya 3: Soma ratiba kwa saa, usiisome kwa majina ya miji

Hapa chukua muda wako, kwa sababu hapa ndipo thamani ya safari nyingi za Ulaya inapovuja bila mtu kuona.

Jina la mji kwenye ratiba si lazima liwe mahali meli inapofunga gati. "Roma" ni Civitavecchia. "Florence" ni Livorno. "Paris" ni Le Havre, karibu kilomita 200 kutoka Paris yenyewe. "Berlin" ni Warnemünde, na kwenda na kurudi kunakula karibu siku nzima. "London" mara nyingi ni Southampton. "Venice" nayo, tangu Italia ilipozuia meli kubwa kupita katikati ya mji mwezi Agosti 2021, inaweza kuwa Ravenna au Trieste.

Tuchukue Civitavecchia tuone saa zinavyoyeyuka. Tuseme ratiba inasema meli inafika saa 1 asubuhi na kuondoka saa 1 jioni. Kwenye karatasi ni saa 12. Kushuka na kupanga foleni, saa 1:45. Basi la kutoka bandarini hadi stesheni, saa 2:15. Treni ya kawaida inaondoka saa 2:30 na kukufikisha stesheni ya Termini kama saa 3:40. Jioni abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa 12:30, na mwenye busara anajiachia saa nzima ya tahadhari, kwa hiyo treni yako ya kurudi ni ya saa 9:45 alasiri. Zile saa 12 zimebaki 6, na katika hizo bado hujala chakula cha mchana.

Sisemi saa 6 za Roma hazifai kitu. Nasema uzihesabu kama saa 6. Chukua kila bandari, andika saa halisi utakazokaa mahali unapopataka, kisha jumlisha. Safari ya usiku saba yenye bandari nne inaweza kukuachia saa 25 tu za miji. Kama ni miji unayoitaka, hilo ni jibu tayari. Kama ni bahari, chakula kilichopikwa na mtu mwingine, na kuamka mahali papya bila kufungasha sanduku, basi saa hizo chache ni nyongeza tu juu ya kile ulichokilipia.

Kwenye kila bandari andika pia gharama ya kutoka gatini hadi mjini, kisha amua: matembezi ya kampuni ya meli, au ujitegemee? Ya meli huwa ghali zaidi, lakini basi lao likichelewa, meli inawasubiri au kampuni inagharimia kuwafikisha bandari inayofuata. Ukijitegemea na kuchelewa, meli inang'oa nanga bila wewe, na nauli ya kuifuata ni juu yako. Ushauri wangu: mji ukiwa mbali zaidi ya saa moja, lipia ya meli. Mji ukiwa hapo hapo gatini, shuka kwa miguu yako.

*Kosa la kawaida:* kulipia matembezi kila bandari kwa hofu ya kukosa kitu. Visiwa vingi vya Karibi vina ufukwe mzuri unaofikika kwa teksi ya dakika kumi.

Hatua ya 4: Vinywaji, intaneti na vishawishi vingine

Ndani ya nauli kuna chakula cha ukumbi mkuu na cha kujipakulia, maji ya kawaida, chai, kahawa ya kawaida, na maonyesho ya jioni karibu yote. Kwenye meli nyingi kubwa, soda, pombe, kahawa maalumu, mikahawa ya kulipia, intaneti, spa na picha viko nje ya nauli.

Kifurushi cha vinywaji kinavutia kwa sababu kinaondoa wasiwasi. Kipigie hesabu kwa glasi. Tuseme ni dola 70 kwa siku, na juu yake asilimia 18 ya huduma: dola 82.60. Bia ya dola 9 ukiiongezea asilimia hiyo hiyo ni dola 10.62. Maana yake unahitaji bia nane kila siku, siku zote saba, zikiwemo zile unazoshinda nchi kavu, ndipo kifurushi kijilipe. Kwenye kampuni nyingi pia, mtu mzima mmoja wa chumba akinunua kifurushi cha pombe, watu wazima wengine wa chumba hicho lazima wanunue. Kama mmoja wenu hanywi, mara nyingi hesabu imeishia hapo. Jiulize mnakunywa nini kweli mkiwa nyumbani siku ya mapumziko, ongezeni kidogo kwa kuwa ni likizo, mlipie kwa glasi.

Intaneti inalipiwa kwa siku na kwa kifaa, na karibu kila mara kuinunua kabla ya safari ni nafuu kuliko kuinunua ukiwa ndani. Familia ya wanne haihitaji vifaa vinne. Mpango wa kifaa kimoja mara nyingi unaweza kuhamishwa kutoka simu hadi simu.

*Onyo:* meli ikiondoka tu, weka simu kwenye hali ya ndege kisha uwashe waifai. Baharini simu inaweza kushika mtandao wa setilaiti wa meli bila kukuuliza, na dakika chache za data zinaweza kukugharimu kuliko intaneti ya wiki nzima.

Niliwahi kukaa mezani na mume na mke waliotoka safari, wamekunja uso, karatasi ya akaunti yao katikati yetu. Hawakunywa pombe, hawakucheza kasino. Tukapita mstari kwa mstari kwa kalamu nyekundu. Juu kabisa, siku ya kwanza, palikuwa na chupa mbili za maji: zile zilizokuwa juu ya meza chumbani, zimevikwa kikaratasi shingoni. Mtoto alizifungua kabla mabegi hayajafika. Chini yake picha ya kupanda melini, picha ya usiku wa mavazi rasmi, aiskrimu ya kibanda cha kulipia kila alasiri, chumba cha mvuke kwa siku mbili, chakula cha jioni cha Kijapani. Hakuna mstari hata mmoja uliozidi dola 90, ila jumla ilikaribia nauli ya mmoja wao. Yule mama alikiri kila mstari, akasema, "Hakuna aliyetuibia. Hatukujumlisha tu."

Kwa hiyo jiwekee kiasi cha kutumia kwa siku, kiingize kwenye hesabu sasa hivi, na ukiwa melini fungua akaunti yako kila usiku kwenye programu ya simu au kaunta. Kwenye vile visiwa ambavyo kampuni zinavimiliki au kuvikodi, uliza mapema nini ni bure na nini si bure. Perfect Day at CocoCay kule Bahamas, kwa mfano, ina ufukwe na chakula ndani ya nauli, lakini bustani yake ya michezo ya maji inalipiwa kando.

Hatua ya 5: Gharama za kufika melini

Ndege au usafiri wowote wa kufika bandari ya kuondokea, kwenda na kurudi. Hoteli ya usiku mmoja kabla, na hii usiifanyie ubahili: anayepanga kutua asubuhi ile ile ya meli ameweka likizo nzima mikononi mwa ndege moja. Usafiri wa kutoka uwanja wa ndege hadi gatini. Bima ya safari yenye matibabu, kwa sababu daktari wa meli analipwa kupitia akaunti yako ya chumba na bima ya afya ya nyumbani huenda isimtambue. Kusafirishwa kwa helikopta kutoka baharini ni gharama ambayo familia ya kawaida haiwezi kuibeba.

Kisha viza. Meli inaweza kuanzia Barcelona, ikaingia Tunisia, ikarudi Italia. Umetoka eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na kuingia tena, kwa hiyo kama pasipoti yako inahitaji viza, unahitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Vivyo hivyo kwa safari inayoanzia na kuishia Southampton: ukishaondoka Uingereza, kurudi ni kuingia upya. Viza isipotosha hutapandishwa melini, na nauli hairudi.

Hatua ya 6: Jumlisha, kisha gawanya

Huu ni mfano wa watu wawili, usiku saba, kwa tarakimu nilizozitunga ili uone njia. Wewe weka zako.

1. Nauli: 699 × 2 = dola 1,398
2. Kodi na ada za bandari: 150 × 2 = 300
3. Bakshishi: 252
4. Intaneti ya kifaa kimoja: 140
5. Matembezi mawili: 80 × 2 × 2 = 320
6. Hoteli ya usiku wa kabla: 150
7. Usafiri wa uwanja wa ndege na bandari: 80
8. Bima: 100

Jumla: dola 2,740. Gawanya kwa watu wawili, kisha kwa usiku saba: karibu dola 196 kwa mtu kwa usiku. Tangazo lilikuwa linasema, kwa hesabu hiyo hiyo, dola 100. Waongezee wote wawili kile kifurushi cha vinywaji, utafika dola 278. Na ndege hatujaiweka bado.

Tarakimu hii ya mwisho, ya mtu mmoja kwa usiku mmoja, ndiyo bei ya safari. Iandike kubwa.

Hatua ya 7: Weka likizo ya nchi kavu pembeni yake

Sasa fanya hesabu ile ile kwa likizo ya nchi kavu uliyoiwaza: hoteli, milo mitatu, usafiri kati ya mji na mji, burudani ya jioni, bima, ndege. Iwe ya hadhi inayolingana. Kulinganisha meli yenye ukumbi wa maonyesho na bwawa la watoto na chumba cha kulala cha bei ya chini kabisa hakukusaidii, wala kuilinganisha na hoteli ya kifahari ambayo usingeifikiria.

Kipimo ninachokitumia mimi: meli ikiwa sawa na nchi kavu au chini yake, nenda. Ikizidi kwa hadi moja ya tano, nenda kama bahari yenyewe ndiyo unayoitamani. Ikizidi hapo, badilisha kitu kwa hatua ya 8 au achana nayo.

Katika hesabu nyingi nilizowapigia watu, wanaotoka vizuri ni familia inayolala chumba kimoja, maana mtu wa tatu na wa nne hulipa nauli ndogo. Wengine ni wazee wanaotaka kuona nchi kadhaa bila kubeba mizigo, na wale wasiofungwa na likizo za shule. Wanaoumia ni msafiri wa peke yake, anayependa pombe, na anayeitaka miji zaidi ya meli. Mahali penye gharama kubwa kama Norwe au Alaska, ambako hoteli na milo ni ghali mno, meli mara nyingi inashinda hata baada ya bei kupanda.

Hatua ya 8: Badilisha kitu kimoja kimoja, upige tena

Anza na meli. Meli mpya ndizo zinazotozwa zaidi. Icon of the Seas, iliyoanza kazi Januari 2024 ikiwa na uwezo wa kubeba hadi abiria 7,600, ni safari ya kwenda kuiona meli yenyewe. Meli ya miaka 15 au 20 ya kampuni hiyo hiyo inaweza kupita bahari ile ile kwa bei ya chini sana, na chakula cha ukumbi mkuu hakitofautiani sana.

Kisha tarehe. Karibi hushuka mapema Desemba na tena Januari sikukuu zikiisha. Septemba na Oktoba pia hushuka, kwa sababu ni katikati ya msimu wa vimbunga unaoanza 1 Juni hadi 30 Novemba. Ukichagua miezi hiyo, kubali kwamba ratiba inaweza kubadilishwa. Mediterania angalia Aprili na Novemba. Alaska, Mei na Septemba.

Kisha chumba. Roshani inapendeza, lakini kwenye safari ya bandari kila siku utakaa humo kidogo sana. Chumba kisicho na dirisha kina giza zito mchana na usiku. Wengine hulala vizuri kuliko nyumbani, wengine hawakiwezi.

Kama una muda, tazama safari za kuhamisha meli. Kila Aprili na Mei meli nyingi zinavuka kutoka Karibi kwenda Ulaya, na Oktoba na Novemba zinarudi. Ni kama wiki mbili, karibu nusu yake baharini tupu, na bei kwa usiku ni miongoni mwa za chini kabisa. Ila ndege ni ya upande mmoja, kwa hiyo iingize kwanza kabla ya kushangilia.

Hatua ya 9: Lipa malipo ya awali, kisha endelea kuangalia

Andika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kulipa salio. Mara nyingi ni siku 75 hadi 120 kabla ya safari. Weka kikumbusho wiki mbili kabla yake. Kati ya leo na siku hiyo, angalia bei ya safari yako kila wiki, chumba cha aina ile ile. Ikishuka, mpigie wakala au kampuni uombe bei mpya. Kwenye soko la Marekani hilo ni jambo la kawaida kabla ya salio kulipwa. Kwenye masoko mengine mara nyingi hukataa, lakini huweza kukupa pesa ya kutumia melini au chumba cha juu zaidi. Kuomba ni bure.

*Kosa la kawaida:* kuchagua nauli ya chini yenye malipo ya awali yasiyorudishwa wakati tarehe zako hazijathibitishwa kazini. Ile dola 100 uliyookoa itapotea yote siku ya kubadilisha.

Mambo yakiharibika

*Bei imeshuka baada ya kulipa salio.* Omba chumba bora kwa tofauti hiyo. Pesa taslimu usitegemee.

*Kampuni imeruka bandari.* Mkataba unaipa haki hiyo, kwa hali ya hewa au sababu nyingine. Utarudishiwa ada ya bandari hiyo na matembezi uliyonunua kwao. Matembezi ya nje ni juu ya aliyekuuzia, kwa hiyo nunua yale yanayoweza kusitishwa.

*Kadi yangu imeshikiliwa pesa.* Ukisajili kadi ya benki ya kawaida, meli hushikilia kiasi mapema, na pesa hiyo inaweza kuchelewa kurudi kwenye salio siku kadhaa baada ya safari. Tumia kadi ya mkopo, au weka pesa taslimu kwenye akaunti kaunta, na ubaki na kadi nyingine kwa matumizi ya nchi kavu.

*Niliacha kampuni inipangie chumba, wamenipa cha chini ya ukumbi wa muziki.* Ulikipata nafuu kwa sharti hilo. Nenda kaunta siku ya kwanza na uombe kwa upole. Vyumba vya wasiotokea hufunguka baada ya meli kuondoka.

*Kuna mstari nisioutambua kwenye akaunti.* Uulizie usiku huo huo. Asubuhi ya mwisho foleni ya kaunta huwa ndefu, na ukishashuka unabaki na barua pepe na benki yako.

*Nimeshalipa salio, na sasa naona hesabu imezidi.* Bado hujafungwa kabisa. Fungua safari yako kwenye tovuti, sehemu ya vitu ulivyonunua mapema: kifurushi cha vinywaji, chakula cha kulipia, matembezi, intaneti ya kifaa cha pili. Vingi vinaweza kufutwa na kurudishiwa pesa yote hadi siku chache kabla ya kuondoka. Futa kimoja kimoja, rudi hatua ya 6, gawanya tena.